Mirathi Haicheleweshwi na Hesabu: Nani Anaifanya Kazi ya Mali ya Marehemu?



Visiwani kwetu elimu ya mirathi si ngeni. Mafungu ya warithi yanasomeshwa kwenye darsa za misikitini, vyuoni na hata skuli. Mara nyingi hitma haijasomwa, na tayari katika jamaa yumo anayeweza kusema mke ana thumuni, mama ana sudusi, na watoto wanachukua kilichobaki, mwanamme fungu la wanawake wawili. Pamoja na hayo, ni nani kati yetu asiyeijua nyumba moja mtaani kwao, au shamba moja la mikarafuu, ambalo mwenyewe amekufa zamani na mpaka leo linaitwa "la marehemu"?

Suala tunalotaka kulitazama ni hilo. Ikiwa Allah (s.w.) ameshayagawa mafungu Mwenyewe katika Suratu Nnisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, na ikiwa masheikh wa kuyafafanua tunao, kinachochelewesha ni nini? Jawabu letu ni kuwa mara nyingi kinachokosekana ni mikono. Kuigawa mali ya marehemu ni kazi ya ofisi kabla ya kuwa kazi ya kalamu ya hesabu, na ofisi ni watu na mpango wao. Hatuandiki haya kumnyooshea mtu kidole. Tunaandika kwa sababu bajeti ya Serikali inaposomwa Baraza la Wawakilishi kila mwaka, sisi wananchi huuliza habari za barabara, maji na hospitali, na ni wachache wanaouliza: katika ofisi inayoshika mali za mayatima wetu, wamo watu wangapi, na kila mmoja anafanya nini?

Kazi hii imewekwa wapi

Zanzibar ina chombo chake. Kamisheni ya Wakf ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa himaya ya Waingereza, kusimamia mali zilizowekwa wakfu. Baada ya Mapinduzi ikaunganishwa na usimamizi wa mali ya amana. Leo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inafanya kazi chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2007, na mtendaji wake mkuu ni Katibu Mtendaji. Chini ya dari moja mna wakfu, mirathi na amana za Waislamu, zaka, usimamizi wa safari za hija, na shughuli za sala na Baraza la Idi.

Pembeni yake ipo Mahakama ya Kadhi, ambayo sheria yake ya sasa ni ya mwaka 2017, na kazi yake ni kuamua pale warithi wanapogombana. Ipo Ofisi ya Mufti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ambako watu huenda kutafuta fatwa. Upo Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, unaosajili vifo na kutoa vyeti. Kuna masjala ya ardhi. Na chini kabisa, karibu na mlango wa nyumba, yupo sheha, ambaye ndiye anayezijua familia za shehia yake.

Kwa hiyo mjane mmoja mwenye nyumba moja anaweza kujikuta na milango mitano ya kubisha. Kila mlango una kazi yake halali, na hatusemi kuna uliozidi. Tunasema mtu aliyefiwa anahitaji aongozwe kutoka mlango mmoja hadi mwengine, na anayeongoza ni mtumishi wa ofisi, si bango lililobandikwa ukutani.

Upande wa Bara mambo yamepangwa vyengine. Huko mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi, na Kabidhi Wasii Mkuu yumo ndani ya RITA, wakala ulioanza kazi mwaka 2006. Sheria ya mirathi ya Bara haitumiki Zanzibar, na ya Zanzibar haitumiki Bara. Familia zetu nyingi zina nyumba Unguja na kiwanja Dar es Salaam. Aliyeacha mali pande mbili amewaachia watoto wake safari mbili za karatasi, na ofisi yenye watu wanaozijua njia zote mbili huwaepusha na gharama ya kupotea.

Hesabu ni ya saa moja, kazi ni ya miezi

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, watoto wawili wanaume na watatu wanawake. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, kilichobaki ni cha watoto. Asili ya mas-ala ni 24, na inasahihi kwa 168: mke 21, mama 28, kila mtoto mwanamme 34, kila mwanamke 17. Kama mali yote ikiuzwa kwa shilingi milioni 168, kila hisa ni milioni moja, na mwanafunzi wa faraidhi aliyesoma vizuri ameshamaliza kabla chai haijapoa.

Sasa tutazame yanayotakiwa kabla ya kufika hapo. Kwanza, nani ni warithi? Pengine marehemu alioa Pemba kabla ya kuhamia Mjini, na huko ana mtoto ambaye ndugu zake hawamjui. Pengine kuna talaka ambayo haikuandikwa, na haijulikani kama eda yake ilikwisha. Mtu lazima aende, aulize, apate mashahidi, aandike. Pili, mali ni ipi? Kuna nyumba, kuna miti iliyoko kwenye ardhi ya mwengine, kuna chombo cha uvuvi alichoshirikiana na mwenzake, kuna pesa benki na pesa kwenye simu. Tatu, madeni. Mahari ya mke ambayo haikulipwa ni deni. Zaka ambayo haikutolewa ni deni. Hija aliyowajibikiwa nayo akafa bila ya kuhiji, kwa madhehebu ya Shafii, hutolewa gharama yake katika mali kabla ya warithi kugusa kitu. Nne, wasia: upo, haukupita thuluthi, na si kwa mrithi? Kisha ndipo mali ithaminiwe, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa sababu anayeishi ndani ya nyumba anaiona rahisi na aliye nje anaiona ghali.

Utaratibu huu ni wa sheria yenyewe: mazishi, madeni, wasia, mirathi. Qur'ani imerudia katika aya zile zile za mafungu kuwa mgao ni baada ya wasia na deni. Ofisi iliyopangwa vizuri ingefuata mpangilio huo huo, kila hatua na mtu wake na daftari lake. Kumpa kazi yote sheikh mmoja mjuzi wa faraidhi ni kumtwika mtu mmoja kazi ya watu sita, kisha kumlaumu kwa kuchelewa.

Ucheleweshaji unazaa mirathi ndani ya mirathi

Turudi kwenye mfano wetu. Mali haijagawiwa, na mwaka wa pili mama wa marehemu naye amefariki. Ameacha watoto wawili walio hai, ndugu za marehemu: mwanamme mmoja na mwanamke mmoja. Wajukuu hawamrithi kwa kuwa mtoto wake mwanamme yupo. Hisa zake 28 sasa zinagawika kwa ami na shangazi wa wale watoto, na hesabu inapanda kutoka 168 hadi 504. Mke ana 63, kila mtoto mwanamme 102, kila mwanamke 51, ami ana 56 na shangazi 28.

Ami, ambaye siku ya kifo cha ndugu yake hakuwa na hata hisa moja katika nyumba ile, sasa ana hisa inayopita ya kila binti wa marehemu. Hakudhulumu mtu. Ni haki yake aliyopewa na Allah (s.w.) kupitia kwa mama yake. Lakini lau mali ingegawiwa mapema, mama angelipokea fungu lake mkononi akiwa hai, akajitibia, akaishi kwalo, au akawapa hiba wajukuu zake mayatima kama angependa. Kuchelewa kumemnyima mwenye haki kuitumia haki yake, na kumemleta ndani ya nyumba mshirika ambaye hakuna aliyemtarajia.

Akifariki mtu wa tatu, mke wake na watoto wake wanaingia. Wanavyuoni wanaiita hali hii munasakha, na wameiwekea mlango wake katika vitabu. Baada ya miaka 20 nyumba moja ya vyumba vinne inaweza kuwa na warithi 30, wengine Muscat, wengine Dubai, wengine London, na kila mmoja lazima apatikane au atoe uwakala. Faili lililokuwa la kurasa kumi limekuwa la kurasa mia. Anayeona kuajiri karani mmoja leo ni gharama, na ahesabu makarani wangapi watahitajika kulifungua faili hilo miaka 20 baadaye.

Na kwenye mashamba hasara haisubiri hata kifo cha pili. Pemba mkarafuu unazaa, mgao ufanyike usifanyike. Msimu ukifika, aliye karibu na shamba ndiye anayechuma, anayeanika na anayepeleka ZSTC. Pengine anawahifadhia wenzake haki yao, pengine anakula peke yake, na pengine hajui kuwa anakula cha yatima. Qur'ani imewaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma kuwa wanachokula matumboni mwao ni moto (4:10). Ofisi yenye mtu wa kwenda shambani kabla ya msimu, akaandika idadi ya miti na kuyasimamia makubaliano ya uchumaji, inamwokoa yule anayechuma kabla haijamwokoa yatima.

Watu gani wanahitajika

Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kukabidhiwa hazina za Misri, alitaja sifa mbili: yeye ni mhifadhi na ni mjuzi (12:55). Binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), naye alitaja mbili: nguvu na uaminifu (28:26). Na Mtume (s.a.w.) alimwambia Abu Dharr (r.a.), mtu ambaye uchamungu wake haukuwa na shaka, kuwa yeye ni dhaifu na uongozi ni amana, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Tunajifunza kuwa ucha Mungu peke yake hautoshi kumpa mtu kiti, na ujuzi peke yake hautoshi. Kwa kazi yetu hii tunaona wanahitajika:

1. Wajuzi wa faraidhi, wanaoijua Shafii na Ibadhi, kwa kuwa watu wa visiwa hivi ni wa madhehebu zote mbili na mas-ala mengine yanatofautiana.

2. Wachunguzi wa warithi na mali, wanaotoka ofisini wakakaa na sheha, wazee na majirani, wakaandika kwa ushahidi.

3. Wathamini wa nyumba, mashamba na miti. Wanavyuoni wa Shafii, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi inayosomeshwa kwenye darsa zetu, wameshurutisha mgawaji awe mwadilifu anayejua vipimo na hesabu. Na mgao ukihitaji kuthamini bei, hatoshi mmoja, lazima wawe wawili. Karne nyingi zilizopita walishaona kuwa bei ya mtu mmoja haitulizi nyoyo.

4. Wahasibu wa amana, wenye daftari la kila yatima peke yake.

5. Watunza kumbukumbu, kwa sababu faili likipotea, haki ya mtu imepotea.

6. Maafisa wanawake. Mjane yumo edani miezi minne na siku kumi. Hiki ndicho kipindi ambacho hati zinahamishwa na funguo zinabadilisha mikono, na yeye yumo ndani. Afisa mwanamke anayemfuata nyumbani, akamsikiliza bila ya shemeji kumjibia, akaandika mahari anayodai na vitu ambavyo ni vyake mwenyewe, anafanya kazi ambayo dirisha la ofisi haliwezi kuifanya.

Na Pemba ihesabiwe kuwa ni kisiwa chenye mali na mayatima wake, si tawi la kupokea barua. Faili la mtu wa Micheweni au Mkoani likiweza kufunguliwa, kuchunguzwa na kufungwa huko huko, wajane wangapi wamepunguziwa nauli ya boti?

Hapa ndipo tunaporudi kwenye ile dari moja. Ofisi inayobeba hija, zaka, wakfu na mirathi ina hatari ya msimu kumeza msimu. Hija ina tarehe yake, Ramadhani ina zaka yake, Idi haiahirishwi. Mirathi peke yake haina msimu, kwa hiyo ndiyo rahisi kuambiwa isubiri. Dawa yake ni watumishi wa mirathi kuwa wa mirathi mwaka mzima, wasiazimwe kila shughuli nyengine inapopamba moto.

Anayehesabu asiwe ndiye anayeshika

Jambo la pili baada ya watu ni mpangilio wao. Mtu aliyeorodhesha mali asiwe ndiye aliyeithamini. Aliyethamini asiwe mnunuzi wala jamaa wa mnunuzi. Aliyeshika pesa asiwe ndiye anayeandika nani apewe. Hii si dhana mbaya kwa mtu yeyote. Qur'ani imemwamuru hata mlezi wa yatima, ambaye pengine ni ami yake wa damu, aweke mashahidi siku ya kumkabidhi mali yake (4:6). Ikiwa ami ameambiwa aweke mashahidi, ofisi ya umma ina haki zaidi ya kuambiwa hivyo.

Na katika Bukhari na Muslim imo habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama zawadi hizo zingemfikia. Sisi tunaopeleka mafaili tujiulize pia. Bahasha ya "chai" ni mlango ambao kwa kawaida huanza kufunguliwa na mwananchi.

Lakini mtumishi anayeshika mamilioni ya mayatima naye ana haki ya kulipwa mshahara unaomtosha. Wanavyuoni wamesema malipo ya mgawaji yanatoka Baitul Mal, na kama haikuwezekana, yanakuwa juu ya washirika kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake. Kanuni hii ni ya uadilifu: mwenye hisa 17 asitozwe sawa na mwenye hisa 34. Kila ada inayotozwa iandikwe, ibandikwe mlangoni, na itolewe risiti.

Kuna pia pesa inayosubiri. Yatima wa miaka mitano atasubiri zaidi ya miaka kumi kabla ya kukabidhiwa, na shilingi milioni 17 za leo hazitanunua mwaka huo zinachonunua leo. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) kuwa mali za mayatima zifanyiwe biashara ili zisije zikaliwa na zaka. Kuziweka salama ni nusu ya amana. Nusu ya pili ni kuzikuza kwa njia ya halali, na hiyo inataka mtu mwenye ujuzi wa uwekezaji wa Kiislamu na kamati ya masheikh ya kumwangalia.

Na sisi majumbani

Tusiielekeze lawama ofisini peke yake. Faili hufika na nini? Kama marehemu hakuacha hata karatasi moja, mtumishi bora kabisa ataanza na giza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani (2:282) imezungumzia kuandika madeni. Kila mwenye mali aandike anachomiliki, anachodai, anachodaiwa, mahari aliyobakisha na watoto aliowazaa, kila mahali alipowazaa. Cheti cha kifo kisicheleweshwe. Watu wakubaliane mapema, hata kabla ya arubaini, siku ya kukaa kuorodhesha, na wajane na mabinti wawepo au wawakilishwe. Kuna wanaoona kutaja mirathi mapema ni kumkimbilia maiti. Tunaona kinyume chake: kinachomuumiza marehemu ni deni lake kubaki na wanawe kugombana.

Na mabinti wasiombwe "kusamehe" mafungu yao kabla ya kuyajua. Msamaha wa asiyejua anachosamehe, au wa mwenye kuona haya mbele ya kaka zake, una shaka kubwa. Apewe kwanza fungu lake mkononi. Akitaka kulirudisha kwa ridhaa yake, hiyo ni hiba yake na ana thawabu zake.

Kwa wawakilishi wetu tunaomba suala moja la nyongeza katika kila kikao cha bajeti, liulizwe kwa adabu na lijibiwe kwa idadi: mafaili mangapi ya mirathi yamefunguliwa mwaka huu, mangapi yamefungwa, kongwe kuliko yote lina umri gani, na watumishi wa kuyafanyia kazi ni wangapi Unguja na wangapi Pemba? Hesabu hizo nne zikijulikana, kila mtu ataona penye upungufu, na Serikali yenyewe itajua wapi pa kuongeza nguvu.

Allah (s.w.) ametuamuru turudishe amana kwa wenyewe (4:58). Aya hiyo inamgusa anayeomba kura, anayepanga bajeti, anayeketi kwenye dirisha la ofisi, na yule ndugu mkubwa aliyeshika ufunguo wa nyumba ya baba. Tunamuomba awahifadhi mayatima na wajane wetu, awarehemu waliotangulia, na awape wanaosimamia mali zao nguvu na uaminifu. Amin.

Wallahu a'lam.